Yale Tuliyoyaacha Nje ya Diski

Alfajiri, kabla mtu yeyote hapa Mampong hajashika fagio, nyumbani kwetu kulikuwa na sauti moja tu: diski ya Dufie ikikoroma polepole juu ya sanduku langu la nguo. Niliizoea kama mtu anavyozoea pumzi za mtoto anayelala naye. Dufie ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho studio yake. Anapiga filamu, hasa za misiba. Sisi Waashanti hatuzikani kimyakimya, kwa hiyo kazi haimwishii.

Diski ilikaa chumbani kwangu kwa makusudi. Waya mrefu ulitoka kwenye kompyuta, ukapita juu ya mlango, ukanifikia. "Mwizi akivunja studio, Nana, au paa likivuja, angalau nakala ziwe kwako," aliniambia. Kila alfajiri, wakati umeme umetulia, kompyuta ilinakili kila kitu yenyewe bila kuguswa na mtu. Kazi yangu ilikuwa ndogo: nikisikia diski imenyamaza, nichomoe nyaya zake zote ili umeme ukiruka usiiunguze, na usiku nizirudishe. Angeweza kuifanya mwenyewe. Lakini tangu magoti yangu yalipokataa kutwanga mihogo ya fufu, nilikuwa nimeanza kujiona kama kiti cha ziada ndani ya nyumba, na nadhani aliliona hilo. Hakulisema. Alisema tu, "Bila wewe, Nana, mambo haya hayaendi."

Basi alfajiri moja diski ilikoroma kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Studio ikalia "tii, tii, tii." Nikamsikia Dufie akijikokota na ndala zake.

"Imejaa," alisema. "Haiwezi kuingiza hata picha moja."

Kulipokucha, mwanangu Agyenim alikuja kuchukua uji wake. Yeye ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ubavuni mwa nyumba, na utepe wa kupimia hautoki shingoni hata akienda kanisani.

"Nunua kubwa zaidi," alisema.

"Kwa pesa gani, Mjomba? Kwa vifungo vyako?"

"Basi acha kunakili takataka! Mashine yako inabeba kila kitu kama mama mkwe anayehama."

"Ndicho ninachofanya. Kuna mahali pa kuchagua vya kuacha nje. Folda nikiitia alama, nakala ikipita inairuka, na ile ya zamani inafutwa kwenye diski."

Nilivuta kigoda changu mlangoni pa studio, nikakaa kumenya karanga na kumtazama. Alitia alama kwenye programu za kompyuta, kwa kuwa hizo angeweza kuzipata tena mjini. Akatia alama kwenye nyimbo za kwaya, ambazo kila kijana wa Mampong anazo kwenye simu yake. Kila alipotia alama alitazama nafasi iliyopatikana, akatikisa kichwa. Mwisho zikabaki folda mbili kubwa. Moja ilikuwa ya filamu zilizomalizika, zenye nyimbo, maua na majina yanayotembea. Nyingine ilikuwa ya picha mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Zote mbili hazikuenea. Moja ilipaswa kukaa nje.

"Hilo nalo la kuumiza kichwa?" Agyenim alisema huku akilamba kijiko. "Acha hizo mbichi. Watu wanapiga chafya, mbuzi wanapita, kamera inatazama chini kama imepoteza sarafu. Filamu iliyomalizika ndiyo mali. Na usisahau, humo nimo mimi nikicheza ngoma ya adowa kwenye msiba wa baba. Hata chifu alisimama."

"Chifu alisimama kwenda msalani, Mjomba. Kwenye mbichi anaonekana."

"Ndiyo sababu nakwambia hizo mbichi zina fitina!"

Nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Lakini moyoni nilikuwa upande wa Agyenim. Katika filamu ya msiba wa mume wangu niko vizuri sana. Dufie alikata pale kilemba kilipoteleza nikabaki kichwa wazi mbele ya wakwe. Ningeulizwa mimi, ningehifadhi hiyo.

Dufie aliokota karanga zangu sakafuni, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Nikiwa na karanga, Mjomba, nakupikia supu," alisema. "Supu ikimwagika, napika nyingine. Lakini ukiniletea supu uniambie nikurudishie karanga, nitazitoa wapi? Picha mbichi zikiwepo, filamu naitengeneza upya. Picha mbichi zikipotea, basi. Kadi za kamera nazifuta kila msiba ukiisha. Hakuna pengine zilipo."

"Na siku watu wakija wanataka filamu zao?"

"Kila familia ilipewa yake."

"Yangu nimemwazima shemeji yako wa Takoradi, na unamjua, harudishi kitu."

"Namjua. Nitaomba Mungu."

Akaweka alama kwenye folda ya filamu zilizomalizika. Kazi ya miaka yake yote, ile aliyowaonyesha wateja kwa fahari, ikabaki nje. Agyenim aliweka bakuli chini kwa kishindo. "Mtu anafungia nje ya nyumba watoto waliovaa nguo, anawaingiza walio uchi!" akasema, akaenda zake kwenye cherehani.

Bado nafasi kidogo ilihitajika. Kulikuwa na folda nyingine, ya majaribio. Humo Dufie alitupa chochote alichopiga ili kupima taa au kipaza sauti. Mkono wake ulikuwa tayari kuitia alama. Lakini ana tabia moja aliyokuwa nayo tangu utoto, hatupi kitu bila kukifungua kwanza. Hata bahasha tupu anachungulia. Akafungua.

Sauti ikatoka. Nilisimama kabla sijajua nimesimama, na magoti yangu haya.

"Huyo ni Eno Pokuaa!"

Eno Pokuaa ni bibi wa nyumba ya nyuma ya soko, rika langu. Yeye ndiye aliyebaki kujua maombolezo yote ya ukoo wao, yale ya kuwaita waliotangulia kwa majina yao na sifa zao, kila mmoja na mto wake, kila mmoja na jambo alilolifanya. Siku aliporekodiwa ilikuwa juma moja baada ya kifo cha kaka yake, watu wamekuja kukaa na wafiwa kupanga tarehe ya msiba mkubwa. Dufie alikuwa na kipaza sauti kipya. Alikijaribu karibu na mama huyo, naye akaimba mwanzo hadi mwisho bila kujua anasikilizwa na mashine:

*Mtoto wa Amponsah wa mto wenye mawe,*
*umetoka bila kufunga mlango.*
*Mgeni akija akauliza kiti cha mwenye nyumba,*
*nimwonyeshe kipi?*

"Mbona kwenye filamu ya siku ile haimo?" niliuliza. "Nilikuwepo nikaiona. Midomo yake inacheza, lakini inasikika kwaya."

Dufie aliinamisha kichwa. "Nilifunika, Nana. Watu wote wanataka kwaya juu ya picha. Studio zote tunafunika. Mwenye filamu ndiye aliyetaka."

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya. "Hii inabaki ndani," alisema. Akatafuta nafasi kwingine. Alitia alama kwenye filamu ya kutangaza studio yake, ile aliyoishughulikia muda mrefu na kuipenda kama mwana. Alfajiri iliyofuata diski ilikoroma mpaka mwisho, ikanyamaza kwa raha. Nikachomoa waya.

Mvua za kwanza ziliposhuka, Eno Pokuaa alipata kiharusi. Mungu alimwachia uhai lakini ulimi ukawa mzito. Alielewa kila kitu, akacheka kwa macho, ila maneno hayakutoka. Nilimpelekea supu, tukakaa tumeshikana mikono. Mjukuu wake Frema, anayeuza vitambaa sokoni, alimgeuza kitandani, akampangusa mdomo, akamsimulia habari za soko kana kwamba anajibiwa. Sikumwona akimharakisha hata mara moja.

Baadaye kidogo akafariki mama mkuu wa ukoo wao. Huyo si mtu wa kuzikwa hivihivi.

Na katika siku hizo hizo umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo. Nilisikia mlipuko mdogo studio, kisha harufu ya plastiki. Dufie alipofika, kompyuta ilikuwa inatoa moshi mwembamba. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaiangalia. Agyenim alikuja na ndoo ya mchanga, akakuta hakuna moto wa kuzima, akabaki ameishika.

Hapo ndipo Frema alipobisha hodi, jasho likimtoka.

"Dada Dufie, nisaidie. Wanasema uliwahi kumrekodi bibi."

"Umechelewa, binti yangu," Agyenim alisema. "Kompyuta imegeuka jiko."

Frema alikaa chini kwenye kizingiti, hapo hapo. "Basi yamekwisha," alisema. "Bibi alikuwa ananiambia, tulia, utajifunza, wakati upo. Nimeshika mwanzo tu. Wazee wamesema wataleta mwimbaji wa kukodi kutoka Kumasi. Mama yetu mkuu aitiwe mababu na mtu anayesoma majina yao kwenye karatasi kama mwalimu anayeita wanafunzi! Na bibi atakuwa ameketi pale anasikia. Nana, atasikia yote."

Niliona uso wa Dufie ukibadilika.

"Nana," aliniita, "alfajiri ulichomoa?"

"Nilichomoa. Mbona unaniuliza kama mgeni?"

"Ilete."

Niliibeba kwa mikono miwili, imefungwa kwenye kanga yangu. Nilipomkabidhi, Dufie alininong'oneza jambo lililonishtua. Tangu aanze kuweka nakala, hakuwahi kujaribu kurudisha hata faili moja. Aliamini tu. Sasa ndipo angejua kama alfajiri zote zile diski ilikuwa inafanya kazi au inakoroma tu kama mlevi.

Lakini tungeifungua kwa kompyuta ipi? Agyenim alitua ndoo yake, akatoka. Akarudi na kompyuta yake ndogo ya kuonyeshea mishono, ile ambayo hata mimi mama yake haniruhusu kuigusa. Akaifuta vumbi kwa utepe wa kupimia, akaiweka mbele ya Dufie. "Usiiunguze na hii," alisema.

Diski ikaanza kukoroma. Folda zikajitokeza moja moja. Agyenim aliinama juu ya bega la Dufie.

"Filamu ya baba haimo," alisema.

"Haimo, Mjomba. Niliiacha nje."

"Na harusi ya meya haimo. Wala ile ya shule."

"Hazimo."

"Kuna nini basi humo, mbuzi?"

Frema alisogea karibu na kioo. Dufie alishuka na kipanya, akashuka tena. Majaribio. Ilikuwemo. Akabofya. Mduara ukazunguka kwenye kioo, ukazunguka, nami nikajikuta nimemshika Agyenim mkono kama alipokuwa mdogo tunapovuka barabara.

*Mtoto wa Amponsah wa mto wenye mawe...*

Frema aliweka viganja viwili mdomoni. Sauti ya bibi yake ilijaa studio, nene, yenye mkwaruzo wake ule, ikapanda, ikashuka, ikawaita wote wa ukoo ule mpaka wa mwisho. Hakukuwa na kwaya juu yake. Mbuzi alilia katikati, na wala hakuharibu kitu. Agyenim alivua utepe shingoni. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona bila huo tangu awe fundi.

Ilipokwisha, yeye ndiye aliyesema: "Irudie."

Tangu siku hiyo Frema alikuja kila alipofunga meza yake sokoni. Alikaa chumbani kwangu juu ya mkeka, anasikiliza mstari, anaurudia, anasimamisha, anasikiliza tena. Mimi nilimletea koose, zile bajia zetu za kunde, na maji. Sikujua maneno ya ukoo wao, lakini nilimjua Eno Pokuaa anavyovuta pumzi, nikamwonyesha. Agyenim alimtengenezea vazi jeusi la msiba bila kuombwa, akidai kitambaa kilibaki tu. Kitambaa kile hakikubaki. Nilimwona akikinunua.

Naye Dufie, kwenye mashine ile ile ya mishono, alianza kutengeneza upya filamu zilizopotea kutoka kwenye picha mbichi. Ya kwanza ilikuwa ya msiba wa mume wangu. Nilimwona Agyenim akicheza adowa, safari hii akiwa na ngoma yenyewe badala ya kwaya, na miguu yake ikaafikiana na mdundo kuliko wakati wowote.

"Unaona?" alisema. "Nilikuwa hodari kuliko nilivyoonekana!"

"Na chifu je, Mjomba?"

"Hapo pa chifu pakate!"

Niliona pia kilemba changu kikiteleza. Dufie alitaka kukata, nikamkataza. Kwa sababu baada ya kilemba kuteleza, kulikuwa na jambo nililolisahau. Dada wa marehemu mume wangu, ambaye hatukuwa tunasalimiana, aliinuka kwenye kiti chake, akanifunga kilemba upya kwa mikono yake mwenyewe. Filamu ya kwanza ilikuwa imelikata hilo pamoja na aibu yangu.

Siku ya msiba wa mama mkuu, uwanja ulijaa nguo nyeusi na nyekundu. Mwenye spika aliongeza kelele mpaka viti vikatetemeka. Eno Pokuaa aliletwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, shuka limefunika magoti, akawekwa mbele. Wazee walikuwa wamemkubali Frema shingo upande. Nilisikia mmoja akisema, "Mwimbaji wa Kumasi yuko njiani, huyu akikwama ataendelea yeye." Mkuu wa ukoo akanyoosha mkono, spika ikazimwa.

Frema akasimama. Alianza chini, karibu kusema. Kisha sauti ikajikunjua. Niliwaona wanawake wazee wakiinua vichwa, wakatazama kwenye kiti, wakatazama tena kwa Frema, kana kwamba wanataka kuhakikisha ni nani anayeimba. Akaita wa kwanza na mto wake. Akaita wa pili. Watu wakaanza kuitikia.

Katikati akanyamaza.

Lilikuwa jina la mwanamke aliyelima upande wa pili wa mlima wakati wa njaa. Nalijua kwa kuwa tulilirudia sana mkekani. Midomo yake ilifunguka, jina halikuja. Yule mzee akageuka kumtafuta mwimbaji wake wa Kumasi.

Ndipo tukasikia mlio wa pete ikigonga mbao. Ko, ko. Ko. Eno Pokuaa, kwa mkono wake ulio hai, alikuwa anagonga mkono wa kiti, mapigo yale yale ya mstari ule, macho yamemkazia mjukuu wake. Ko, ko. Ko. Frema akavuta pumzi kama nilivyomwonyesha, na jina likatoka likiwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Uwanja mzima ukalipokea. Wanawake wakasimama. Yule mzee mwenye mwimbaji wa Kumasi akasimama pia, analia bila kujificha, na mwimbaji mwenyewe, aliyekwisha kufika, alikuwa mstari wa nyuma anaitikia pamoja na wengine.

Dufie alikuwa na kamera begani. Mashavu yake yamelowa, mkono haukutikisika.

Mkuu wa ukoo alimfuata baadaye. "Binti, kwenye filamu yetu usiweke kwaya."

"Sikuwa na nia hiyo, mzee wetu."

"Tena ile mbichi uitunze. Ukiniambia diski imejaa, nitakununulia nyingine mimi."

Agyenim, aliyekuwa karibu, akainua kidole. "Nani alisema mbichi ndiyo mali? Si mimi niliyemwambia?" Dufie alimtazama tu, akaacha awe na ushindi huo. Nami hilo nimelihesabu kati ya mema ya siku ile.

Baada ya msiba tulikwenda mimi na Dufie nyumbani kwa Eno Pokuaa, tumebeba kompyuta ya Agyenim ndani ya begi la cherehani. Tukamwekea. Alijisikiliza mwenyewe kwanza, kwa sauti yake ya zamani. Kisha akamsikia Frema. Kisha akasikia pete yake ikigonga mbao, akacheka kwa upande mmoja wa uso, akaigonga tena kwenye kitanda. Frema aliketi miguuni pake akimsugua nyayo.

Tuliporudisha kompyuta kwenye begi, alinishika kanga. Akahangaika na ulimi wake. Frema alitaka kumsaidia, akajizuia, akasubiri. Sote tukasubiri.

"Birago," alisema. Ni jina langu, na hakuna aliyeniita hivyo tangu mume wangu alipoondoka. Akapumzika, akatazama begi, akaanza tena, kila neno peke yake.

"Mje... tena. Mje na hiyo."